Kabla Hujambandika Mtu Jina: Somo la Kutawala Ulimi



Leo tunachukua mada ambayo wengi wetu tunadhani tuliimaliza tangu mafundisho ya Kipaimara: kutawala ulimi. Ukimwuliza mwanakwaya kutawala ulimi ni nini, atakujibu harakaharaka: kutotukana, kutosema uongo, kutopiga soga kanisani. Majibu hayo ni sahihi kabisa. Ila huku kwetu Katavi, maneno yaliyoumiza watu zaidi si matusi. Ni majina. Na mara nyingi yanatamkwa kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, pengine na mtu aliyetoka kusali Rozari jumuiyani dakika kumi zilizopita. "Yule bibi ni mchawi." "Wale ni wakimbizi tu." "Yule binti ni malaya."

Basi somo la leo lina jambo moja tu la kushika: kutawala ulimi kunaanza pale unapokataa kumbandika mtu jina ambalo huna mamlaka ya kumpa. Andaa Biblia yako. Tutasoma Yakobo 3:1-12, Yohane 9:1-7, Marko 3:22-30 na Mathayo 18:15-17.

1. Neno ni tendo

Tunao msemo wetu wa kila siku: "Mimi nimesema tu, sijafanya kitu." Yaani tunadhani kusema ni jambo moja na kufanya ni jambo lingine. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin aliupinga mtazamo huo katika mihadhara yake ya mwaka 1955 pale Chuo Kikuu cha Harvard, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1962. Alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ndiko kufanya kwenyewe. Hakimu akitamka kwamba mshtakiwa ana hatia, hatoi habari. Anabadilisha maisha ya yule mtu pale pale. Mtu akisema "naahidi," hasimulii ahadi, anaiweka.

Sisi Wakatoliki hilo tunalijua hata bila Austin. Padre akimimina maji na kutamka maneno ya Ubatizo, mtoto haelezwi jambo, anafanywa kuwa mtoto wa Mungu. Bwana na bibi arusi wakitamka kiapo mbele ya altare, wanatoka pale wakiwa mume na mke. Katika kitubio, sauti ya padre inayokuondolea dhambi si pole ya kukufariji. Ni tendo. Kanisa linajua uzito wa neno, ndiyo maana limeweka utaratibu: nani alitamke, wapi, na kwa nia gani.

Sasa jiulize: kama neno jema linaweza kumfanya mtu awe kiumbe kipya, neno baya linaweza kumfanya nini? Mtakatifu Yakobo anatoa mifano ambayo mtu wa Katavi haihitaji kuelezwa. Anataja usukani mdogo unaogeuza chombo kikubwa, na wanaovua na kusafiri Ziwa Tanganyika wanalijua hilo. Anataja cheche ndogo inayochoma msitu mkubwa. Mwezi wa nane, nyasi zikishakauka katika misitu yetu ya miombo, kiberiti kimoja cha mrina asali asiye makini kinatosha. Aliyewasha hawezi kuuambia moto uishie pale kwenye kichuguu. Ndivyo ulivyo ulimi.

2. Jinsi jina linavyotembea

Hebu tuchukue mfano ambao kila mmoja wetu anaweza kuuona kwa macho ya akili, tena bila kijiji wala jina la mtu.

Mtoto anapata homa kali usiku. Zahanati iko mbali, bodaboda hakuna, asubuhi anafariki. Msibani watu wamekaa kwenye mikeka. Mama mmoja anauliza, taratibu kabisa: "Hivi yule bibi wa kule juu mbona sijamwona hapa?" Hajamtukana mtu. Hajasema uongo. Ameuliza tu. Wa pili anaongeza: "Juzi alimsifia huyu mtoto kwamba amekua." Wa tatu anakumbuka kwamba macho ya yule bibi ni mekundu. Jioni hiyo hiyo ujumbe wa sauti unaingia kwenye grupu la WhatsApp la vijana waliohamia mjini. Asubuhi, vijana ambao hawajawahi hata kumsalimia yule bibi wanajua "yeye ni nani."

Macho mekundu! Bibi aliyepika miaka hamsini kwa kuni, ndani ya jiko lisilo na dirisha, ulitaka macho yake yawe na rangi gani?

Mfano huu ni wa kutunga, lakini mwisho wake si wa kutunga. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika ripoti zake za miaka ya 2010, kiliandika juu ya mamia ya watu waliouawa kwa mwaka mmoja nchini Tanzania kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee. Kanda yetu ya magharibi na ile ya ziwa ndizo zilizotajwa sana katika habari hizo. Wauaji walishika panga, ni kweli. Ila kabla ya panga kulikuwa na jina, na kabla ya jina kulikuwa na swali lililoulizwa taratibu msibani.

Kati ya jina na panga mara nyingi anaingia mtu wa tatu: mpiga ramli. Huku kwetu kuna makundi yanayoitwa lambalamba, na upande wa Kigoma na kandokando ya ziwa wanayaita kamchape. Si jambo la jana. Mtafiti Roy Willis aliandika mwaka 1968 kuhusu kamchape waliopita kwa majirani zetu wa Ufipa. Makundi haya yanaingia kijijini, michango inakusanywa, kisha yanapita nyumba kwa nyumba yakidai kufukua hirizi na kutaja wahusika. Viongozi wa Serikali wana jina zuri sana la kazi hiyo: ramli chonganishi. Shika neno hilo, "chonganishi," maana tutalirudia.

Najua kuna kijana ameshaanza kuuliza moyoni: "Frateri, kwani unasema uchawi haupo?" Swali ni la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inakataa ramli za kila aina na pia uchawi wenyewe. Anayejaribu kumdhuru mwenzake kwa njia hizo anatenda dhambi kubwa, hilo halina ubishi. Lakini tazama vizuri: Kanisa halijakupa wewe mamlaka ya kutaja kwamba fulani ndiye. Na ukienda kwa mpiga ramli ili akutajie, umevunja amri ya kwanza ili upate nguvu za kuvunja ya nane, na pengine ya tano. Amri tatu kwa safari moja.

3. Mtakatifu Thoma anatupangia

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 72 hadi la 76, anazipanga dhambi za ulimi zinazotendwa nje ya mahakama katika mafungu matano. Ni vizuri kuyajua, maana daktari hatibu ugonjwa kwa kusema tu "unaumwa."

Kwanza ni matusi: kumvunjia mtu heshima yake mbele ya macho yake.

Pili ni kusengenya: kuharibu jina jema la mtu wakati hayupo. Tusi unaweza kulijibu. Usengenyaji hauwezi kuujibu, kwa sababu hujui hata kama umesemwa.

Tatu ni uchonganishi: kupeleka maneno ili kutenganisha watu wanaopendana.

Nne ni dhihaka: kumcheka mtu ili aone aibu. Fikiria video za watu waliorekodiwa bila kujua, zinazosambazwa na vicheko chini yake.

Tano ni kulaani: kumtakia mtu mabaya kwa maneno.

Ipi ni mbaya zaidi kati ya kusengenya na kuchonganisha? Wengi tungesema kusengenya. Thoma anasema uchonganishi ni mzito zaidi, kwa sababu urafiki ni mali kubwa kuliko hata heshima: mchonganishi anaiba kile ambacho mwanadamu hawezi kuishi bila hicho. Sasa rudi kwenye neno letu, ramli chonganishi. Mpiga ramli anapotaja jina, haharibu sifa ya bibi mmoja tu. Anamtenga mama na mwanae, mkwe na mkwe, jirani na jirani. Kijiji kinabaki na nyumba zile zile, lakini hakuna tena anayekunywa maji kwa mwenzake.

Kitu kingine anachotufundisha Thoma kinamgusa yule anayesema, "Mimi sikuchangia, nilisikiliza tu." Katika swali la 73 anasema kwamba anayefurahia kusikiliza na kumchochea msengenyaji aendelee anashiriki dhambi yake. Hata yule ambaye hapendi, ila ananyamaza kwa woga, uzembe au haya, hayuko salama kabisa, ingawa kosa lake kwa kawaida ni dogo kuliko la msemaji. Basi tukumbuke hata zile alama mbili za bluu kwenye simu. Umesoma, umecheka kidogo, umepita. Na kule pembeni mwandishi amehesabu wasomaji wake na kupata moyo wa kuendelea.

Katekisimu namba 2477 inatuongezea pigo lingine. Inataja watu watatu wanaokosa juu ya jina jema la mwenzao: anayehukumu haraka bila msingi wa kutosha, hata kama ni kimoyomoyo, anayefichua makosa ya kweli ya mtu bila sababu ya haki, na anayesingizia. Ona huyo wa katikati. "Lakini ni kweli!" si utetezi. Jambo laweza kuwa kweli kabisa na bado lisiwe la kwako kulitangaza.

4. Wanafunzi walipouliza "nani?"

Sasa fungua Yohane 9. Wanafunzi wanamwona kipofu wa tangu kuzaliwa. Wanafanya kile kile kinachofanyika msibani kwetu: wanatafuta mhusika. Wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Maumivu yapo, kwa hiyo lazima pawe na jina la mtu.

Yesu anawakatalia. Hawapi jina hata moja. Anasema si yeye wala wazazi wake, kisha anainama, anatengeneza tope kwa mate, anampaka kipofu machoni na kumtuma akanawe Siloamu. Wanafunzi walitaka mkosaji, Bwana akatafuta uponyaji.

Tena kuna jambo ambalo tunalipita haraka tunaposoma Injili. Katika Marko 3:22, waandishi walioshuka kutoka Yerusalemu wanasema Yesu ana Beelzebuli, na kwamba anatoa pepo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Kwa lugha yetu ya mtaani, walimwita nini? Walimwita mchawi! Kijana mwenzangu, Bwana wetu mwenyewe amewahi kubandikwa jina hilo. Kwa hiyo siku ukikaa kwenye kundi linalomnong'oneza bibi fulani, jua kwamba Yesu naye yuko pale. Swali ni kwamba yuko upande gani wa mkeka.

Hapa Katavi tuna mtu aliyeishi Injili hii kwa vitendo: katekista na daktari Adriani Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, na baadaye akasomeshwa udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, pale pwani ya ziwa, ambako wamisionari walikuwa wameingia mwaka 1885. Akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 ya kuguswa mkono na wagonjwa! Hospitali ya Dk. Atiman pale Sumbawanga imebeba jina lake mpaka leo.

Mtu huyu alikuwa na sababu zote za kuishi akitaja majina ya waliomtendea ubaya. Lakini tunachomkumbukia ni kazi. Mimi najifunza kwake kanuni moja nyepesi, na ningependa tuishike sote: kabla ya kutafuta jina la mtu, tafuta jina la ugonjwa. Mtoto ana homa? Je, amepimwa malaria? Bibi amepooza upande mmoja? Je, presha ilikuwa ngapi? Biashara imekufa? Je, hesabu za daftari zinasemaje? Sehemu kubwa ya majina mabaya tunayowabandika watu huingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi na swali ambalo hatukulitafutia jibu.

5. Jina lisiloua mwili

Pengine unasema: "Asante Mungu, mimi sijawahi kumwita mtu mchawi." Sawa. Tuje basi kwenye jina lingine ambalo haliitii panga, ila linachoma kila siku.

Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji nchini mwao na kuingia kwetu. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, yote katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Watu wale walifyeka pori, wakalima mahindi, muhogo na tumbaku, wakajenga shule na makanisa. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu kule Tabora, walipewa uraia wa Tanzania. Kisheria, suala liliisha.

Kwenye ulimi je, liliisha? Kijana aliyezaliwa Katumba, aliyesoma Katumba, anayeimba Mungu Ibariki Afrika kama wewe, anayeshabikia Simba au Yanga kama wewe, bado anaweza kusikia nyuma yake kwenye foleni: "Hawa wakimbizi bwana." Serikali ilitamka neno na kumfanya raia. Wewe kwa neno moja unamrudisha mpakani. Mbaya zaidi ikitokea katika uchaguzi wa viongozi wa VIWAWA au wa kwaya, mahali ambapo sote tumetoka kwenye kisima kimoja cha Ubatizo!

Kuwa mkimbizi si aibu. Mtoto Yesu, Maria na Yosefu walikimbilia Misri. Tatizo ni pale neno linapogeuzwa fimbo ya kumwambia mtu kwamba hapa si kwao. Katika Mathayo 5:22 Yesu anaweka hasira na neno la dharau, lile "raka," karibu kabisa na amri ya kutoua. Kwake yeye mstari kati ya kumwita mtu si kitu na kumfanya si kitu ni mwembamba sana.

6. Kutawala ulimi si kunyamaza

Hapa tuwe waangalifu, maana shetani anaweza kulichukua somo hili na kuligeuza. Mtu akisikia "tawala ulimi wako" anaweza kudhani ameambiwa anyamazie uovu. Hapana! Kiasi ni tunda la Roho Mtakatifu, Wagalatia 5:23. Farasi mwenye lijamu hajakatwa miguu. Anakimbia, ila anakimbia anakoelekezwa.

Mtazame Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe wa Uganda. Mwaka 1885, Kabaka Mwanga aliagiza Askofu Mwanglikana James Hannington auawe. Balikuddembe alikuwa mkubwa wa vijana watumishi wa ikulu, na alikuwa Mkatoliki, wala si wa dhehebu la Hannington. Angeweza kunyamaza. Angeweza pia kusengenya ikulu nzima kwa siri. Hakufanya hata kimoja. Alikwenda kwa mhusika mwenyewe akamwonya. Tarehe 15 Novemba mwaka huo huo akauawa, na kabla ya kufa alituma ujumbe kwamba anamsamehe Mwanga na anamsihi atubu. Huo ndio ulimi uliotawaliwa. Ulisema ukweli wote, ukaupeleka kwa mtu anayehusika, na hata mbele ya kifo haukulaani.

Njia hiyo Yesu ameiweka wazi katika Mathayo 18:15-17: nenda kwanza kwa ndugu yako, ninyi wawili tu. Akikataa, chukua shahidi mmoja au wawili. Akikataa tena, liambie Kanisa. Sisi mara nyingi tunaanza na kanisa zima, tena kwenye grupu, kisha mhusika anakuwa wa mwisho kujua.

Na kuna mambo ambayo lazima yasemwe haraka na kwa sauti. Ukijua mtoto anaumizwa, binti anabakwa, au watu wanapanga kumvamia mzee fulani, usijifiche nyuma ya fadhila. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa paroko. Hapo kunyamaza ndiko dhambi. Tofauti iko hapa: unapeleka tukio kwa mwenye mamlaka ya kulishughulikia, hupeleki jina kwa mwenye njaa ya kulitafuna.

7. Mazoezi ya wiki hii

Fadhila haziji kwa kusoma makala. Zinakuja kwa kurudia tendo mpaka liwe tabia. Nakupa mazoezi matano.

*Sema tukio, acha jina.* "Simu yangu ilikuwa mezani, sasa haipo" ni tukio. "Huyu ni mwizi" ni jina. "Jana hakuja mazoezini" ni tukio. "Huyu mvivu" ni jina. Jaribu siku moja tu kusema matukio peke yake. Utashangaa maneno mangapi yatakosa kazi.

*Uliza chanzo.* Ukiletewa habari ya mtu, uliza kwa upole: "Wewe uliona, au uliambiwa?" Mara nyingi habari inaishia hapo hapo.

*Kata mnyororo.* Usifowadi. Kwenye grupu andika sentensi moja: "Jamani, huyu mama hayupo hapa kujitetea, naomba tuishie hapa." Ukiwa mdogo kuliko waliopo, tafuta namna ya heshima: "Shikamooni wakubwa zangu, naomba tumwombee badala ya kumjadili." Wazee wetu wanaheshimu kijana anayesema hivyo, hata kama pale pale watanuna.

*Nenda kwa aliyenong'onwa.* Chukua vijana wenzako watatu, mkamtembelee mzee anayeishi peke yake. Mchoteeni maji, pasueni kuni, kaeni, mpigisheni hadithi. Jina baya hukaa vizuri kwa mtu asiyetembelewa. Ni vigumu kuamini kwamba bibi ni mchawi wakati umekula karanga zake na kucheka naye mchana kutwa. Na kijiji kikiwaona vijana wa parokia wanaingia na kutoka pale, kimepata ujumbe.

*Tubu, kisha fidia.* Kama umeshambandika mtu jina, nenda kwenye Sakramenti ya Kitubio. Ila Katekisimu namba 2487 inatukumbusha kwamba, hata baada ya kusamehewa, wajibu wa kufidia unabaki. Kama ulisema mbele ya watu kumi, rudi kwa wale kumi ukaseme: "Lile nililosema juu ya fulani sikuwa na hakika nalo, naliondoa." Itakuuma. Ndiyo maana ni dawa.

Maswali ya kujadili jumuiyani au kwenye kikundi

1. Ni majina gani yanabandikwa watu katika mtaa wetu, shule yetu au kwaya yetu? Nani ananufaika nayo?
2. Soma Yohane 9:1-7. Tunapopata msiba, tunafanana zaidi na wanafunzi au na Yesu?
3. Kati ya mafungu matano ya Mtakatifu Thoma, lipi linatusumbua zaidi kwenye simu zetu?
4. Ni mzee gani katika kigango chetu ambaye hatujamtembelea mwaka huu?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyeitwa majina mabaya na hukurudisha neno, weka mlinzi mlangoni pa kinywa changu. Unipe ujasiri wa kusema panapotakiwa sauti, na nguvu ya kunyamaza panapotakiwa kimya. Walinde wazee wetu wanaolala kwa hofu usiku huu. Wabariki ndugu zetu tuliowaita wageni katika nyumba yao wenyewe. Na kila ninapomwona mwenzangu, unikumbushe jina ulilompa wewe siku ya Ubatizo wake: mwanangu mpendwa. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, utuombee.

Tuombeane, na wiki njema ya mazoezi.

Frateri wenu